Naomba ushauri: hoteli ya apatimenti mjini, inayofaa watoto, karibu KABISA na mgahawa wa hadhi ya juu

BabaWawili
Wakuu, habari za jioni. Nahitaji msaada na muda unaniishia. Tunasafiri mimi, mke wangu na watoto kwenda mji tusioujua. Nataka hoteli ya apatimenti, ile yenye jiko na sehemu ya kukaa, siyo kitanda na televisheni tu. Sharti langu kubwa: iwe karibu mno na mgahawa wa hadhi ya juu, ile inayoleta sahani moja moja mezani. Nikisema karibu namaanisha mlango kwa mlango, au jengo hilo hilo. Dakika kumi kwa miguu ni mbali. Nimebakiwa na machaguo mawili: moja lina chumba cha kulala kinachojitegemea, lingine ni studio ila mgahawa uko chini yake pale pale. Usingizi umenikimbia. Nyie mnachagua kwa kuangalia nini?

MamaPacha
Studio na watoto achana nayo, kaka yangu. Mtoto akilala saa mbili usiku, taa imezimwa, nyinyi wakubwa mmekaa gizani mnanong'ona mpaka mlale kwa kukosa la kufanya. Chukua yenye mlango unaofungika kati ya kitanda na sebule. Na neno "familia" kwenye tangazo lisikutoshe, waandikie. Kitanda cha mtoto kipo tayari au cha kuomba mapema? Mtoto mchanga anahesabiwa kwenye idadi ya wageni? Kuna wanaomhesabu, unafika mlangoni mmekuwa wengi kuliko chumba kinavyoruhusu. Mashine ya kufulia iko chumbani au mnashirikiana jengo zima? Usafi ni kila siku au mara moja kwa wiki? Apatimenti nyingi hazisafishwi kila siku, na mwenye mtoto anayemwaga maziwa hilo atalijua kesho yake tu.
Wako wana umri gani?

MzeeWaRamani
Mkuu, umbali ulioandikwa na hoteli yenyewe usiushike sana. Mara nyingi ni mstari ulionyooka juu ya ramani, haujui kama katikati pana reli au barabara isiyovukika. Weka anwani zote mbili kwenye ramani ya simu, chagua njia ya miguu. Mita 400 ni kama dakika tano kwa mtu mzima. Na mtoto mdogo zidisha mara mbili, maana kila jiwe lazima aliokote.
Kuhusu mgahawa kuwa chini yako, fikiria tena. Feni za jikoni zinanguruma hadi usiku wa manane, na alfajiri yanakuja magari ya kushusha vyakula na kubeba taka. Niliwahi kulala juu ya jiko la namna hiyo, harufu ya vitunguu ikaingia hadi kwenye mto. Kama ni lazima, omba ghorofa ya juu, upande usiotazama bomba la moshi.

Kisiki
Dakika kumi ni mbali? Mkuu unaenda kula au unafukuzwa?

SahaniYaPili
Hapa ndipo penyewe, wengine mnaongelea mashine za kufulia! Mtu kauliza chakula kizuri. Kama mji huo umo kwenye mwongozo wa Michelin, ule unaopima migahawa na kuipa nyota, anza na huo. Ulianza mwaka 1900 kama kitabu cha wenye magari, nyota zikaja 1926. Nyota moja mpaka tatu zinahukumu kilichoko kwenye sahani, hazihukumu pazia wala viti. Kwa mwenye watoto mimi ningeanzia kwenye Bib Gourmand, alama wanayowapa wanaopika vizuri kwa bei ya wastani. Huko mtoto akidondosha uma hakuna anayegeuka.
Ukitaka hasa ile ya sahani nyingi, jua meza hiyo inakula saa mbili, tatu, pengine zaidi. Nyingi zinataka namba ya kadi ili kukushikia meza, na usipotokea wanakata. Nyingine hazipokei watoto wadogo usiku. Uliza kabla.

FundiDari
Wote mmeisahau roshani. Mtoto na roshani ya ghorofani ni kitu cha kwanza kuangalia, kabla ya jiko. Kanuni za ujenzi za Uingereza, kwa majengo ambayo watoto wadogo wanaweza kuwemo, zinataka tufe la milimita 100 lisiweze kupita kwenye uwazi wa kizuizi, na kizuizi kisiwe rahisi mtoto kukipanda. Zile nondo zilizolazwa, zinazopendeza kwenye picha, kwa mtoto ni ngazi. Tazama pia kama kuna kiti au meza iliyosogezwa ukingoni. Omba picha ya roshani peke yake, na uulize kama dirisha lina kizuizi cha kulifungua kidogo tu.

MamaPacha
Narudia, umri wa watoto hujasema. Na hao watoto, nyie mkiwa mezani saa tatu nzima, watakuwa wapi?

BabaWawili
Asanteni nyote. MamaPacha, mkubwa ana sita, mdogo anakaribia mitatu.
Watakuwa wamelala. Ndiyo sababu nataka karibu.
Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tangu wa kwanza azaliwe, mke wangu hajala chakula cha moto mpaka kikaisha. Watoto wangu wakilala wamelala. Simu moja inabaki chumbani imepigiwa nyingine, tutasikia kila pumzi. Mmoja wetu anapanda kila baada ya dakika ishirini. Mapokezi yapo saa 24. Hiyo si kuwatelekeza. Naomba tubaki kwenye swali la hoteli.

MamaPacha
Hapana. Hili ndilo swali la hoteli.

Ustadhi_wa_Kona
Ndugu, mtoto ni amana. Siku hizi wazazi tunataka vyote: ndoa, sahani, picha. Mama zetu walikula baada ya wote kushiba na hawakulalamika.

Binti_Mpole
Ustadhi, walilalamika, hamkuwa mnasikiliza. Baba huyu anampenda mke wake na hilo ni jema. Mimi mama yangu aliwahi kutuacha tumelala akavuka barabara mara moja tu. Niliamka. Sikulia. Nilifungua mlango nikaanza kumtafuta, kwenye ngazi, nikiwa na nguo za kulala. Jirani ndiye aliyenishika mkono. Simu isingesikia chochote, kwa sababu mtoto anayemtafuta mama yake hutembea kimyakimya.

FundiDari
Kuna hili pia. King'ora cha moto kikilia, watu wote wanashuka, lifti haitumiki, na wewe ndiye unayetaka kupanda. Walioko mlangoni watakuzuia, na ndiyo kazi yao. Huyo wa miaka sita amshike wa mitatu, afungue mlango, ashuke ngazi kwenye moshi? Na simu kutegemea intaneti ya wageni, inayokukata ghafla ikitaka uingie upya? Migahawa mingine iko chini ya ardhi, mtandao hakuna.

Mpitanjia
Wakuu mnapoteza nguvu zenu. Hii ni chai. Mwaka 2007 kule Praia da Luz, Ureno, mtoto wa miaka mitatu alitoweka kwenye apatimenti ya likizo, wazazi wakiwa wanakula chakula cha jioni kwenye mgahawa wa karibu, wakipokezana kwenda kuchungulia. Dunia nzima iliisoma. Mleta uzi kachukua kisa kile, kaongeza sherehe ya ndoa, katuwekea hapa tubishane. Angalia: mwanzo ana machaguo mawili, sasa anajua hadi saa za mapokezi. Hoteli ipi kati ya mbili? Atuwekee karatasi ya malipo, afute jina.

Kisiki
Hata mimi nilihisi. Umri ule ule, utaratibu ule ule. Mkuu, sukari imezidi.

SahaniYaPili
Jamani, na mimi nimemwandikia mambo ya Michelin kwa moyo wote! Kama ni uongo aseme.

Binti_Mpole
Mpitanjia, iwe kweli iwe chai, kuna mzazi anausoma huu uzi na ana mpango huo huo kichwani. Mimi naendelea kumjibu huyo.

BabaWawili
Sijatunga chochote na inaniuma. Kisa hicho nakijua. Kilitokea sehemu ya likizo, nyumba ya chini. Hii ni hoteli ya mjini yenye mlango wa namba. Ndiyo, nimeshalipa. Studio. Bei isiyorudishwa, ndiyo maana nilitaka kusikia kwamba studio inafaa. Karatasi inasema hivi, nimenakili:
"Mgeni atatumiwa namba ya siri ya mlango siku ya kufika. Mapokezi: saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku. Baada ya hapo piga simu ya dharura."
Ile ya saa 24 niliisoma kwenye tangazo, nadhani walimaanisha hiyo simu.

MzeeWaRamani
Basi meza ya saa mbili usiku, sahani ya tatu ikifika mapokezi hayana mtu. Jengo lina wageni wenye namba za mlango na hakuna anayewaona wanaoingia.

Mpitanjia
Sawa, karatasi inasomeka ya kweli. Naondoa neno langu. Mama yao anasemaje?

BabaWawili
Anajua nimepata mlezi kupitia hoteli. Nilimwambia nitapanga. Niliuliza, wakajibu hawatoi huduma hiyo, na sikutaka kumharibia furaha.

MamaPacha
Kaka, huyo mama akijua akiwa kwenye sahani ya pili hatameza tena. Mwambie leo, si kule.
Sasa studio umelipa, tuitumie. Omba meza ya mchana badala ya usiku. Migahawa mingi ya namna hiyo ina chakula cha mchana chenye sahani chache, kinachokwisha mapema, na watoto wanapokelewa kwa urahisi zaidi. Kama mnataka usiku wenu wawili, andikia hoteli kubwa za jirani, uliza wanatumia wakala gani wa walezi na kama wanakaguliwa. Mlezi aje mapema, watoto wamzoee wakiwa macho. La sivyo mje watu wazima watatu: dada yako au mama mkwe alale nao, mumlipie kitanda.

SahaniYaPili
Au mpishi wa kuajiriwa aje apike kwenye hilo jiko la apatimenti. Ila uulize kwanza, studio nyingi zina majiko mawili tu ya umeme na sufuria moja. Mpishi atataka kujua hilo.

BabaWawili
Mama mkwe hapana, sitaki kufungua mlango huo. Nimewaandikia mgahawa kuhusu mchana wa siku ile ile, nimetaja umri wa watoto. Hawajajibu. Bado naamini kwa dakika ishirini ishirini tungeweza, ila lile la king'ora sina jibu lake. Mke wangu yuko jikoni sasa hivi, nakwenda kumwambia.

SahaniYaPili
Wakikubali mchana, uliza kama dhamana ya kadi inahamia meza mpya au wanakata ile ya usiku. Upate jibu kwa maandishi.