Naomba ushauri: vidole vya mama vinachanika kwa maji ya bahari

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mama yangu analima mwani huku Jambiani, na bamvua likifika anashinda majini kwa muda wa saa nne, tano. Sasa vidole vimechanika, chumvi ikiingia kwenye nyufa machozi yanamtoka.

Ninavyoelewa, maji ya bahari yana chumvi kama asilimia 3.5, majimaji ya mwilini karibu 0.9 tu. Ngozi ya juu kabisa ni seli zilizokufa, zimeshikana kwa mafuta. Hiyo ndiyo kinga. Ikipasuka, seli hai za chini zinakutana na chumvi, maji yanazitoka, zinanywea. Hujitetea kwa kuvuta ndani vitu kama taurini na betaini ili maji yarudi, lakini kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kesho mama yumo baharini tena.

Wauguzi na wafamasia, krimu ya yurea nimpe sasa, au itamchoma kwenye nyufa, nianze na mafuta ya mgando? Glavu za mpira alijaribu, zikajaa maji na mchanga, akazivua. Nani amepata zinazofaa kufungia mwani kwenye kamba?