Tupeane uzoefu: Baada ya kupata cheti cha ufundi, kazi uliipataje?

Ndugu wanajamvi,

Mimi ni mkazi wa Ilomba, jijini Mbeya. Tangazo la mafunzo ya ushonaji ya miezi mitatu nililiona limebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa wetu, nikaenda na barua ya utambulisho ya mwenyekiti, nikasoma hadi mwisho. Walimu siwalaumu, kwa kuwa sketi ya shule niliweza kuikata kabla ya mwezi wa pili kuisha. Tatizo lilianza siku ya kukabidhiwa vyeti, tuliporudi nyumbani zaidi ya wanawake ishirini tukiwa na karatasi nzuri, hatuna cherehani, na hakuna aliyekuwa ametueleza mteja wa kwanza anapatikana wapi.

Nilikwenda Mwanjelwa kuomba nafasi kwenye kibanda cha mama mmoja mwenye mashine mbili, tukakubaliana kwamba kila kazi nitakayoifanya tugawane malipo nusu kwa nusu. Nilikaa kwake miezi minane. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo darasani halikutajwa hata mara moja, kwamba katika mji wenye baridi kama wetu fedha ya fundi iko kwenye masweta ya shule, na kwamba fundi anayesubiri shule zifunguliwe Januari ndipo anunue nyuzi amekwisha kuchelewa, kwa sababu mzazi hulitaka sweta siku hiyo hiyo. Kufuma kwa mashine nilijifunza hapo kibandani, na mashine yangu ya kwanza, iliyokuwa imetumika, niliinunua kwa fedha ya msimu mmoja wa masweta hayo.

Naomba mliopita njia hii, iwe VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), SIDO (shirika la viwanda vidogo), kanisani au kwa fundi wa mtaani, mtusimulie yaliyowapata baina ya mafunzo na malipo ya kwanza.

Mchangiaji wa Uyole

Dada mleta mada, hongera. Mimi nilipita kinyume chako, kwani kazi nilikuwa nayo ila cheti sikuwa nacho. Nilianza mwaka 2009 kwenye gereji bubu, karibu na pale zinapoachana barabara ya Tunduma na ile ya Tukuyu, nikiosha vyuma kwa dizeli na kuwashikia mafundi tochi, hadi nikawa ndiye ninayeitwa lori linapogoma breki za upepo. Kampuni moja ya usafirishaji ilinikataa kwenye usaili mara mbili kwa kukosa karatasi, ingawa malori yao nilikuwa nikiyatengeneza mimi yanapoharibikia Uyole. (Niliona haya kuwaambia.)

Rafiki yangu ndiye aliyenieleza kwamba VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini. Unajiandikisha, unahojiwa, unatazamwa ukifanya kazi yenyewe, kisha unafundishwa kwa muda mfupi yale unayopungukiwa na kufanyiwa tathmini kabla ya kupewa cheti. Nilikwenda nikidhani ninakwenda kuchukua karatasi tu. Nilipoambiwa nieleze jinsi ninavyoingia chini ya lori, nikasema ninapiga jeki moja na kuingia, mkufunzi alinyamaza kidogo, akaniuliza nina watoto wangapi. Mfumo wa umeme wa magari mapya nao nilikuwa ninaubahatisha, na hilo sikulijua mpaka nilipokaa mbele ya mtu anayeujua.

Sasa nina ajira ya mkataba. Niseme ukweli kwamba mshahara wangu wa kwanza ulikuwa mdogo kuliko kipato cha gereji katika mwezi mzuri, na mke wangu alinishauri nirudi. Kilichonizuia ni NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri analazimika kutoa angalau nusu yake, wakati kule gereji siku nilipovunjika kidole nilijitibu mwenyewe na wiki tatu sikuingiza hata senti.

Mchangiaji wa Kihesa, Iringa

Sisi tulikuwa wanawake watano, tumejifunza kutengeneza sabuni na batiki, tukaunda kikundi ili tuombe mkopo wa halmashauri, ule usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inataka itengwe kwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Katiba ya kikundi iliandikwa, akaunti ilifunguliwa, afisa maendeleo ya jamii wa kata alitutembelea, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima ili kupanga utaratibu mpya. Iliporejea mwaka 2024 hatukuwa tena kikundi: mmoja ameolewa Njombe, mwingine anauza viazi Makambako, na wa tatu hatuelewani naye kwa sababu ya mapipa mawili ya malighafi ambayo sitaki kuyaeleza hapa. Sabuni ninatengeneza peke yangu, nikiwauzia wenye migahawa, na mtaji nilipata kwenye kikoba chetu cha mtaani.

Mchangiaji wa Iyunga

Mimi nilimlipa wakala mmoja shilingi 50,000 za "fomu na sare" kwa ajira ya kiwandani. Simu yake haikupatikana tena tangu jioni ile. Kazi niliyonayo leo niliunganishwa na jirani yangu, bila fomu wala sare.

Mleta mada

Kaka wa Uyole, nakushukuru, na nina swali. Je, urasimishaji huo unawapokea pia wafumaji wa masweta? Yule mama wa Mwanjelwa ana zaidi ya miaka ishirini kwenye mashine, mimi mwenyewe ni mwanafunzi wake, lakini mwaka huu shule moja iliyotafuta mfumaji wa masweta ya wanafunzi wake ilitaka cheti, ikamwacha yeye na kunipa mimi kazi hiyo. Tunaifanya pamoja pale kibandani, nusu kwa nusu kama zamani, ila jina lililoandikwa kwenye mkataba ni langu.