Filimbi zinapulizwa mtaani kwetu Chicago, mimi wa grini kadi nisimame wapi?

MamaZuhura
Habari za humu ndani. Naomba ushauri wa mtu anayejua, maana ya vijiweni nimeshayasikia yote.

Naishi Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, mwaka wa kumi na moja huu. Nahudumia wazee majumbani, zamu ya usiku. Grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) ninayo, uraia bado sijaomba (najua, msianze). Tangu operesheni ya ICE, wale maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu, ianze hapa Septemba 8, 2025, mtaa si ule tena. Jirani yangu wa chini ni mama wa Kimeksiko anayeuza tamale (unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda) karibu na kituo cha treni tangu alfajiri. Nikitoka zamu, yeye ndiye wa kwanza kunisalimia. Lugha hatuelewani, Kihispania changu ni "buenas" na kuonyesha vidole. Lakini mwanangu alipopata tetekuwanga alileta sufuria ya supu, akaiweka mlangoni, akagonga, akaondoka.

Sasa mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu kapita mlango kwa mlango akigawa filimbi za plastiki. Ukiona magari ya ICE, puliza vifupi vifupi. Ukiona mtu anakamatwa, puliza mfululizo mpaka pumzi ikuishe. Yangu nimeifunga pamoja na funguo. Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikazisikia, kwanza mbali kama ndege wa mtini, halafu mtaa mzima. Watu wakatoka na kandambili, mmoja ana povu la dawa ya meno mdomoni. Mimi nilisimama kwenye ngazi, filimbi mkononi, sikupuliza. Nyuma yangu nilimsikia mama wa tamale akiburuta kabati kuziba mlango.

Swali: mwenye grini kadi akipuliza au akipiga video, anaiweka kadi hatarini? Na kama siwezi kukaa mbele, nyuma kuna kazi gani?

Mkongwe_wa_Baridi
Dada, ulikuja kutafuta riziki. Funga mlango ulale. South Shore, kusini mwa jiji, usiku wa Septemba 30 maafisa waliingia jengo zima, helikopta juu, hata raia wakafungwa mikono. Franklin Park, kitongoji cha hapa jirani, yule baba aliyetoka kupeleka watoto alipigwa risasi na ofisa wa ICE akafa. Wewe na filimbi yako ya plastiki! Kadi ikiondoka, hao majirani watakulipia wakili?

Karani_Mkalimani
Mkongwe hofu yake ina msingi, ila jibu si kulala. Mimi hutafsiri mahakamani, wakili si mimi, kwa hiyo historia yako binafsi ipeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla ya lolote.

Kurekodi maafisa wakiwa kazini hadharani, mahakama ya rufaa inayosimamia Illinois ililinda haki hiyo 2012. Balaa linaanzia kwenye kumgusa ofisa, kuziba gari au kumdanganya. Kesi ya hivyo raia ataimaliza yakaisha, wewe inaweza kukufuata hadi kwenye kadi. Simama mbali, simu juu, mdomo wa kupuliza tu. Na kadi tembea nayo, sheria inamtaka hivyo kila aliyetimiza miaka 18.

Kubwa zaidi ni mlango wenu wa chini. Watu humfungulia yeyote anayebonyeza kengele! Wakija na karatasi, waambie waipitishe chini ya mlango. Fomu I-200 au I-205 (hati za uhamiaji za kukamata au kuondoa mtu nchini) husainiwa na ofisa wa uhamiaji, na haiwapi ruhusa ya kuingia nyumbani bila ridhaa ya mwenyeji. Ya kuwaruhusu kuingia ni ile yenye jina la mahakama juu na sahihi ya jaji chini.

Bahati_Uvira
Kaka Mkongwe, mimi nimevuka mipaka miwili na aliyenivusha hakuuliza nani atamlipa wakili.

Mama Zuhura, kazi za nyuma ni nyingi kuliko za mbele. Watoto ambao wazazi wao wanaogopa kutoka, kuna wanaowasindikiza shuleni. Kuna watu wa baiskeli wanaonunua tamale zote za muuzaji asubuhi mapema ili arudi ndani, kisha wanazigawa kwa wenye njaa. Na muulize jirani jina lake kamili, herufi kwa herufi, nchi aliyozaliwa, na namba yake ya A (namba ya faili la uhamiaji, huanza na herufi A) kama anayo. Mtu akichukuliwa, tovuti ya ICE ya kutafuta waliozuiliwa inataka namba hiyo, au jina lilivyoandikwa kwao. Ukikosea herufi moja unaweza usimpate.

MamaZuhura
Asanteni. Wakili nitamwona Alhamisi.

Jumamosi tulichanga watu wanne wa zamu yangu tukanunua ndoo nzima ya tamale za jirani. Saa moja asubuhi alikuwa ameshaingia ndani. Wazee wangu wamekula tamale siku mbili, mmoja analalamika hazina chumvi.

Jina nimeliandika, karatasi iko ndani ya kabati la vikombe. Alichukua kalamu mwenyewe, maana mimi miaka yote nilikuwa namwita Mari, kumbe si Mari hata kidogo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Filimbi bado sijaipuliza. Mwanangu ameijaribu bafuni jana usiku, mwalimu wa ghorofa ya tatu akashuka mbio, simu juu, kiatu kimoja. Tumemwomba radhi. Amekula tamale mbili ndipo akapanda.