Kumtoa mpangaji sugu, gharama zinazidi hata deni lenyewe

MamaKimara
Wakuu habari za jioni. Nina nyumba ya kupangisha Kimara, kodi laki mbili na nusu kwa mwezi. Mpangaji alilipa miezi sita ya mwanzo vizuri tu, baada ya hapo ni stori, mara anasubiri hela ya tenda, mara simu hapokei kabisa, na mkataba ulishaisha. Wakili anataka milioni na nusu ya kuanzia, hapo bado kufungua shauri, bado wa kupeleka wito, na nikishinda nimlipe tena dalali wa mahakama ndo aje amtoe. Zamani haikuwa hivi jamani. Mume wangu anasema tung'oe milango tu yaishe. Hakuna njia nafuu?

Pweza_Mkavu
Mwambie shem asiguse huo mlango!! Mpangaji ataenda kudai fidia ya tv na dhahabu ambazo hata hakuwahi kuwa nazo. Anzia baraza la kata, tangu sheria ibadilishwe 2021 hawaamui tena, wanasuluhisha tu, wana siku 30, ikishindikana wanakuandikia ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka kata shauri linaweza kutupwa na hela ya wakili ishaliwa. Halafu huo mkataba una stempu ya TRA? Ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, kwako elfu thelathini, watu wanaidharau alafu wakifika barazani upande wa pili unasimama kupinga mkataba usipokelewe kuwa ushahidi.

baba_wawili
Dada msamehe deni akuachie nyumba. Najua inauma ila kila mwezi mnaoenda kutajiwa tarehe nyingine yeye analala bure kwako. Muite ofisi ya serikali ya mtaa, andikianeni mbele ya mwenyekiti, anahama tarehe fulani na deni linafutwa akishakabidhi funguo, sio kabla. Mimi wangu nilimpa na hela ya kirikuu ya kuhamisha vitu, na bado ilikuwa nafuu kuliko wakili.

Nyoka_wa_Tandale
Ndo mnatufundisha wapangaji kugoma sasa 😂 ila na nyie kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo mnatuumiza, mtu akiyumba kidogo hawezi kurudi kwenye mstari.

MamaKimara
Stempu ipo, nililipia. Hilo la kusamehe mume wangu hataki hata kulisikia, anasema bora hela ile wakili kuliko ile yule baba 🙄

Pweza_Mkavu
Mwambie hata nyie mkishinda, mpangaji ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, wajanja wanaomba na zuio wasitolewe kwanza humo humo, dalali anageuzia getini na kishalipwa chake.

MamaKimara
Haya, ngoja nimsomee hii. Jumatatu naenda kwa mwenyekiti, akigoma kusaini ndo naelekea kata.