Lisbon kwa sisi tunaofanya kazi mtandaoni: tupeane uzoefu

Mzee_wa_Kodi
Wakuu, kuna dogo kanitumia video ya jamaa yuko ufukweni Costa da Caparica, laptopu mapajani, jua linawaka. Ananiuliza, "bro na wewe ndivyo unavyoishi?" Kwanza mchanga na laptopu wapi na wapi. Nimecheka, halafu nikakumbuka mengi. Mimi naandika programu za Wamarekani, niko hapa tangu enzi viza ya Ureno ya D8, ile ya wanaofanyia kazi watu wa nje kwa mtandao, bado mpya (ilianza Oktoba 2022). Mliopo, mliopita na mliokimbia, mwageni hapa. Tamu na chungu.

Naanza. Tamu kwangu ni saa. Mteja wa New York akiitisha kikao saa kumi jioni ya kwake, Dar ni saa tano usiku, na wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa sita. Hapa ni saa tatu usiku karibu mwaka mzima. Nimeshakula, nimeoga, namsikiliza bila kupiga miayo.

Chungu ni nyumba. Wanataka fiador, yaani mdhamini mwenye kipato cha hapa hapa. Huna? Lipa miezi sita mbele. Nimepanda ndege mbili kuja kukutana na mwenye nyumba wa Sinza, Dar.

BintiNgamiani
Wa Sinza ukilia vizuri anakuachia miezi mitatu.

Kaskazi001
Vasco da Gama alitia nanga Mombasa 1498, hana viza, hana bima, hana taarifa ya benki. Wenziwe wakaja kuanza Fort Jesus 1593 bila fiador. Mimi mjukuu wa pwani naambiwa nionyeshe kipato mara nne ya mshahara wao wa chini. Kwa 2025 ilikuwa euro 870 mara nne, yaani euro 3,480 kwa mwezi, na wanataka kuona wastani wa miezi mitatu ya nyuma. Halafu nikifika, daraja refu linaitwa Vasco da Gama, na duka kubwa la karibu pia Vasco da Gama. Jamaa ananifuata mpaka kwao!

Mzee_wa_Kodi
😂😂 Kaka historia ina uzi wake. Hapa tunaongelea kodi ya nyumba.

Kaskazi001
Wewe ndiye unayejiita mzee wa kodi, mimi nadai ushuru wa bandari.

Mtu_wa_Ruvuma
Kinachoniuma mimi ni hiki. Ndugu zangu wa ng'ambo ya mto, lugha moja, ukoo mmoja, ngoma moja, wao wana pasipoti ya Msumbiji. Msumbiji iko kwenye yale makubaliano ya nchi zinazozungumza Kireno, njia yao ya kupata kibali cha ukaazi ni nyepesi kuliko yetu. Mto tu umetutenganisha. Binamu yangu yuko Amadora, pembeni ya Lisbon, anakula maisha, mimi bado nachapisha taarifa za benki.

MamaWawili_Amadora
Binamu yako mwambie aje kunisaidia kukwangua ukungu ukutani, maana Amadora hiyo hiyo naijua.

Jamani msidanganyike na jua. Nyumba nyingi za hapa hazina mfumo wa kupasha joto, kuta zinanyonya unyevu. Mimi nahudumia wateja wa kampuni ya Muscat, Kiswahili na Kiingereza, kwa simu na maandishi. Wao wakifungua ofisi saa mbili asubuhi, huku majira ya baridi ni saa kumi alfajiri. Na wiki yao inaanza Jumapili. Sasa pata picha: Jumapili alfajiri, mji mzima umelala, nimevaa koti na soksi mbili ndani ya nyumba yangu mwenyewe, blanketi mabegani, namwambia mteja "karibu sana baba, nikusaidie nini?" kwa sauti ya mtu aliyeko kwenye joto. Mwanangu mdogo alikohoa msimu mzima. Daktari hakuniuliza tunakula nini, aliuliza chumba cha kulala kiko upande gani. Upande wa kaskazini, jua halifiki. Tulihamisha kitanda sebuleni kikohozi kikapungua.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, nusa. Rangi mpya nyeupe Oktoba ina lake jambo. Fungua kabati, nusa ndani. Wakati wa mchana, uliza jua linaingia dirisha gani.

Mazuri yapo, nisiwe mchoyo. Kadi ya usafiri ya eneo zima la Lisbon ni euro 40 kwa mwezi, treni, basi, metro na vivuko vya mtoni. Na unga wa ugali upo, ulizeni fuba kwenye maduka ya Waangola na Wakepuvede.

Nyuki_mmoja
Naunga mkono kunusa.

NdegeWaMsimu
Mnajitesa bure na D8. Chukua viza ya matembezi, kaa siku 90, nenda kapumzike nje ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja), rudi. Kodi ya mapato hulipi, fiador humtafuti, unakaa nyumba za watalii.

Ankara_Safi
Usipotoshe watu. Siku 90 ndani ya kila siku 180, ukitoka unakaa nje siku 90 nyingine. Na viza ya matembezi si ya kufanyia kazi.

NdegeWaMsimu
Nani atajua nimekaa na laptopu mgahawani nafanya kazi au naangalia tamthilia?

Ankara_Safi
Siku watakapojua usifungue uzi hapa.

Kwa walio makini: ukipitisha siku 183 ndani ya miezi kumi na miwili wewe ni mlipakodi wa Ureno, na wanahesabu kipato chako cha dunia nzima. Ule unafuu mkubwa wa kodi waliokuwa wakisifia kwenye video za zamani umefungwa kwa wageni wapya tangu 2024, ulioletwa badala yake ni wa fani chache. Ukijiajiri, mwaka wa kwanza husamehewa mchango wa hifadhi ya jamii, baada ya hapo ni 21.4% ya asilimia 70 ya mapato ya huduma zako. Kodi ya mapato ni juu ya hiyo, ngazi ya mwisho ni 48%. Tafuta mhasibu kabla ya kutafuta nyumba.

BintiNgamiani
Mimi nasema nyumba kwanza. Mhasibu utamwandikia akutembelee wapi?

Msanifu_wa_Graça
Uzi umenikumbusha tarehe 28 Aprili 2025, siku ambayo siombi irudi.

Jumatatu. Nilikuwa kwenye mchujo wa mwisho wa kazi na watu wa Berlin, tumebaki wawili. Naonyesha michoro yangu, saa tano na nusu asubuhi ya hapa, nyuso za Wajerumani zikaganda kwenye skrini. Nikajua ni ruta. Nikawasha data ya simu, nikaingia tena, nikasema sentensi mbili, ikakata. Nachungulia ngazini, bibi jirani kashika redio ya betri, anasema Hispania nayo imezima. Nchi mbili nzima, wakuu. Ngazini kila mtu ana lake, huyu wadukuzi, yule vita imeanza.

Nikateremka na kile kilima cha Graça kutafuta mtandao. Taa za barabarani zimekufa, metro imefungwa, watu wanapanda kwa miguu na mabegi yao kama siku ya mgomo. Mashine za pesa hazitoi, kadi hazipiti. Foleni ya maji na samaki wa kopo imezunguka kona. Mfukoni nina noti maana nimekulia Mbeya, siamini kadi peke yake. Nikaenda Rua do Benformoso kwa maduka ya Wabangladeshi, nikanunua mishumaa, betri na mkate. Jengo letu karibu wote wanapikia umeme, mimi nina jiko dogo la gesi. Nikageuka mama ntilie: huyu analeta maziwa ya mtoto, huyu birika la chai.

Giza halikunisumbua, giza nalijua. Kilichonitesa ni mtandao wa simu kuzidi kufifia mchana ule mpaka ukafa. Mama yangu huko kasikia redioni Ulaya imezimika, simu yangu haipatikani. Kampigia kaka, kaka kampigia shangazi, kufika jioni nyumbani wamejaa watu wa maombi.

Umeme umerudi kwetu kama saa nne na nusu usiku. Watu wakapiga kelele kwenye roshani zote kama bao limefungwa. Simu ikaanza kutetemeka. Ujumbe wa mama, wa kaka, wa mchungaji. Na barua pepe ya Berlin, ya saa kumi jioni: wanaelewa hali ilivyokuwa, wanatutakia usalama, ila wamekwisha kuamua. Yule mwenzangu alikuwa Poland.

Nyuki_mmoja
Aisee. Pole sana.

Kaskazi001
Mwenzako Poland alikuwa na umeme, hilo ndilo lililomfaa.

Mzee_wa_Kodi
Siku ile nilicheka peke yangu. Wareno wanaulizana mshumaa unawekwa juu ya nini, mimi mtoto wa mgao wa 2006 nimeshachomeka wangu kwenye chupa.

Mkikuyu_Almada
Na sisi Agosti 2023 Kenya nzima ilizima, hadi uwanja wa ndege. Lakini Msanifu, saa nne na nusu? Huku Almada, ng'ambo ya mto, tulipata mapema zaidi.

Msanifu_wa_Graça
Almada si Graça, bro. Kila mtaa ulirudi kwa zamu yake.

Mkikuyu_Almada
Niko na video na saa inaonekana.

Msanifu_wa_Graça
Video ya Almada! Nimekataa wapi kuhusu Almada?

BintiNgamiani
Mnagombania umeme uliokwisha kurudi.

Dogo_wa_Video
Shikamooni wakubwa. Ndiye niliyetuma ile video. Kwa hiyo nije au nisije? Nina mteja mmoja, ananilipa dola 1,900.

Ankara_Safi
Marahaba. Kwa D8 haifiki. Ongeza mteja.

NdegeWaMsimu
Njoo.

MamaWawili_Amadora
Usije Januari. Ukija, leta viatu vyenye soli ya mpira, yale mawe ya njiani yakilowa yanateleza vibaya. Na tramu namba 28 begi liwe kifuani.

Mtu_wa_Ruvuma
Au uoe Mueda, kule Msumbiji.

Mkikuyu_Almada
Nauza mashine ya kukausha unyevu, lita 20 kwa siku, haijamaliza mwaka. Euro 90. Niko dakika chache kutoka kivuko cha Cacilhas.

MamaWawili_Amadora
Sabini nije nayo leo.

Mkikuyu_Almada
Themanini, na mimi sipandi kivuko.