Diski ya seva ya bajeti inakaribia kujaa, naomba ushauri

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia seva za mfumo wa mipango na bajeti kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar. Zote zinatumia PostgreSQL 14 (programu ya hifadhidata).

Tangu Jumatatu folda ya pg_wal (inakokaa kumbukumbu ya mabadiliko ya hifadhidata, yaani WAL) kwenye seva kuu imepanda kutoka GB 3 hadi GB 71, na diski nzima ni GB 100. Watu wa fedha wanafunga robo mwaka, sithubutu kuizima mchana. Nimeangalia pg_replication_slots, orodha ya sloti (kila sloti huizuia seva kufuta WAL ambazo seva ya nakala haijazichukua), nikakuta sloti moja active ni f, yaani haitumiki. Ni ya ile seva ya nakala ya ripoti tuliyoiondoa wikiendi (aliyeiondoa ni mimi, msinicheke). Jamaa mmoja kaniambia nifute faili za pg_wal kwa mkono, hapo nimegoma.

Nikiifuta hiyo sloti kwa pg_drop_replication_slot watu wakiwa kazini, nafasi itarudi yenyewe kwenye chekipointi inayofuata (pale hifadhidata inapomaliza kuandika mabadiliko kwenye diski) au lazima niwashe seva upya? Na max_slot_wal_keep_size (kikomo cha WAL ambazo sloti inaweza kushikilia), ambayo kwangu bado ni -1, yaani bila kikomo, nyinyi mmeiweka ngapi kwa diski kama hii?

Natanguliza shukrani.