PUBG Mobile: gemu inafundisha kweli, au inakuonyesha vitufe tu?

KipangaWaPwani

Wakuu, habari za leo. Swali ni kwa wanaoijua PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana kwa bunduki hadi abaki wa mwisho, kwa undani, ingawa wa gemu nyingine za mtandaoni nao wanakaribishwa.

Mchezaji mpya akifungua gemu anaelekezwa kutembea, kuruka, kuokota bunduki, kufunga skopu (darubini ya kulengea) na kupiga. Dakika chache somo limekwisha, anaingia mechi. Mechi za mwanzo anaua watu 10 au 12 na kushinda. Wiki mbili baadaye hafikishi hata wawili, na hajui kilichobadilika. Bandeji zinagoma kujaza damu, risasi zinapaa mbinguni, amekwisha kujificha nyuma ya ukuta na bado anakufa.

Je, hayo gemu yenyewe ilipaswa kuyafundisha, au ni haki kumwachia mtu ahangaike YouTube? Na anayetaka kumfundisha mgeni aanze na yapi?

MzeeWaBandeji

Mkuu, tatizo la kwanza si kwamba gemu haifundishi. Inafundisha kinyume. Mechi za mwanzo zimejaa roboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na gemu yenyewe. Roboti anasimama wima katikati ya uwanja, anageuka taratibu, risasi zake za kwanza zinapita pembeni, na mara chache sana anajikinga. Mgeni anajifunza kwamba ukiona mtu unamkimbilia huku unapiga, na inafanya kazi. Akipanda kuelekea madaraja ya juu ya Platinum na Diamond, watu halisi wanaongezeka, na tabia ileile ndiyo inayomuua. Hakuna mahali gemu inamwambia kwamba wale 12 hawakuwa watu.

Kuhusu bandeji, hesabu yake ni hii. Damu kamili ni 100. Bandeji moja inarudisha 10 na haivuki 75. Kisanduku cha huduma ya kwanza kinakupandisha hadi 75 kwa mkupuo, unasubiri sekunde 6. Medikiti inafika 100, sekunde 8, lakini hazipatikani ovyo. Kwa hiyo mgeni mwenye damu 80 anabonyeza bandeji, inakataa, anadhani simu imekwama.

Zile 25 za juu unazijaza kwa vitu vya kuongeza nguvu. Kinywaji kinajaza ule mstari mdogo wa nguvu kwa 40, vidonge vya maumivu kwa 60, vikiwa pamoja mstari umejaa. Mstari ukijaa zaidi damu inarudi haraka zaidi, na ukivuka 60 unakimbia kwa kasi iliyoongezeka kidogo. Ndiyo maana wazoefu wanakunywa kabla ya pambano. Mgeni anavitunza hadi anakufa navyo begini, pamoja na bandeji 30. Bandeji 5 zinatosha. Nafasi inayobaki weka visanduku 4 au 5, na vinywaji na vidonge visivyopungua 6.

Somo la gemu linakuonyesha kitufe cha bandeji. Kikomo cha 75, ambacho ndicho kinachoamua ubebe nini, unakigundua kwa kufa.

Sensi_Doctor

Risasi zinazopaa: hapa gemu haina utetezi.

Kwenye mipangilio kuna makundi makuu matatu ya sensi (wepesi wa skrini kufuata kidole au simu), na wageni wengi wanayachanganya. La kwanza, Camera, ni la kuzungusha jicho wakati hupigi. La pili, lililoandikwa ADS, ni la kidole kinapovuta skrini huku bunduki inapiga. Hilo ndilo linalozuia teke la bunduki, yaani mtutu kupanda unapopiga. La tatu ni jairo, yaani kuinamisha simu yenyewe. Mtu anaona bunduki inapanda, anaongeza Camera, bunduki bado inapanda, na sasa hata kugeuka kumemshinda.

Nenda uwanja wa mazoezi ufanye hivi:

1. Chukua bunduki ya M416 tupu, bila kiungo (kifaa cha kuongezea) chochote, na skopu ya nukta nyekundu. Simama kama mita 25 kutoka ukutani.
2. Maliza risasi 30 bila kugusa skrini kwa kidole cha kulenga. Alama zitapanda ukuta. Huo mchoro ndio unaopigana nao.
3. Rudia, safari hii ukivuta kidole chini kwa mwendo mmoja. Umevuta hadi mwisho wa nafasi yako na alama bado zinapanda? Ongeza ADS ya skopu hiyo kwa pointi 5. Zikizama chini ya nukta, punguza 5.
4. Zikikaa kwenye duara la ukubwa wa sahani, hamia skopu ya 3x, kisha 4x, kisha 6x. Kila skopu ina namba yake, na kwa kawaida namba inashuka kadiri skopu inavyokuza.
5. Ndipo ufunge viungo. Kompenseta (kifaa cha kupunguza teke) mdomoni na mshikio wima chini ya mtutu. Teke likipungua utajua viungo vinakusaidia kiasi gani, badala ya kuvitumia kuficha sensi mbovu.

Usibadilishe bunduki katikati ya zoezi. AKM haina nafasi ya mshikio wala kitako, kwa hiyo inapiga teke kwa namna nyingine kabisa. Gemu haisemi hilo waziwazi, unakuta mtu amebeba mshikio mechi nzima akisubiri uingie kwenye AKM.

Na zile kodi (misimbo) za sensi mnazonakili kwa wachezaji maarufu: namba zimepangwa kwa skrini yao, idadi ya vidole vyao na fremu (picha kwa sekunde) za simu yao. Kwenye simu ya inchi 6 inayoshuka fremu kila moshi unapotanda, namba zilezile hazizai matokeo yaleyale. Zichukue kama pa kuanzia, kisha rudi hatua ya 2.

Kambi_Tatu

Napingana nanyi kidogo. Nachezea zaidi Dota 2, gemu ya kompyuta ya timu mbili, ambayo watu huitaja kwanza wakisema gemu haifundishi, na naona si kila kitu kinapaswa kufundishwa.

Mfano ni kurundika kambi, yaani kufanya makundi mawili ya wanyama yakae kambi moja. Wanyama wa msituni wanazaliwa upya kila dakika inapogonga 00, ila kambi haizai kama kuna kiumbe ndani ya eneo lake. Wachezaji waligundua zamani, Dota ikiwa bado ni ramani ndani ya gemu nyingine, Warcraft III, kwamba ukiwachokoza wanyama kwenye sekunde ya 53 hadi 55 kisha ukakimbia, wanakufuata, dakika inagonga kambi ikiwa tupu, na kundi la pili linazaliwa. Ukichelewa sekunde mbili hawajatoka. Ukiwahi mno wamekwisha kurudi.

Mbinu hiyo haikuwa somo. Ilizaliwa na kanuni ndogo ya kuhesabu nafasi. Ingeandikwa kwenye mafunzo siku ya kwanza, mgeni angeelemewa, maana ana mambo mengine mia. Walichofanya watengenezaji baadaye ni kuonyesha: ukishikilia kitufe cha Alt, mipaka ya kambi inachorwa ardhini. Hawakukwambia urundike. Walikupa macho ya kuona kwa nini imefaulu au imeshindikana.

Kwa hiyo kipimo changu ni kama gemu inaonyesha chanzo cha kosa. Kufundisha kila kitu ni jambo jingine.

MzeeWaBandeji

Kambi_Tatu, kwenye kurundika nakubali. Lakini usiweke kikomo cha damu 75 kapu moja na mbinu iliyogunduliwa na wachezaji. Kurundika ni ujanja juu ya kanuni. Ile 75 ni kanuni yenyewe. Bao la draft likikuficha kwamba kete ya kawaida hairudi nyuma, huwezi kusema linakuachia raha ya kugundua.

dada_wa_Livik

Hicho kipimo cha kuonyesha chanzo cha kosa nakipenda, tukirudishe PUBG kwenye sehemu mbili ambazo haionyeshi kitu.

Vesti (fulana ya kuzuia risasi) kwanza. Ya ngazi ya 1 inapunguza madhara kwa 30%, ya 2 kwa 40%, ya 3 kwa 55%. Chukua risasi inayokata damu 41 na tuache tofauti za sehemu za mwili. Bila vesti unakufa kwa risasi 3. Ngazi ya 1 inapitisha 28.7, unakufa kwa 4. Ngazi ya 2 inapitisha 24.6, risasi nne zinakuacha na damu 1.6, ya tano inamaliza. Ngazi ya 3 inapitisha 18.45, zinahitajika 6. Kwa hiyo anayetaka mapigano mbele ya mwenye vesti ya 3 anahitaji mara mbili ya risasi za asiye na vesti, na hilo linabadili kabisa uamuzi wa kumvamia au kumwacha apite. Mikono na miguu haifunikwi na vesti, kumbuka.

Halafu kuna uchakavu. Ya 3 mpya ina 250, ya 2 ina 220. Ya 3 iliyopigwa hadi kubaki kidogo itakufia katikati ya pambano. Ukikuta ya 2 nzima, badilisha. Kitufe cha kuokota chenyewe kinatazama ngazi, hakikufikirii.

Pili, kufa nyuma ya ukuta. Gemu inakuonyesha pingi (ucheleweshaji wa mtandao kwa milisekunde) kwa namba ndogo pembeni na inaishia hapo. Mkimbiaji anakwenda takriban mita 6 kwa sekunde. Pingi ikiwa 150, adui anaweza kukuona ulipokuwa sekunde 0.15 zilizopita, yaani karibu mita nzima nyuma. Kwako umeshaingia ukutani, kwake bega lako bado liko nje, na seva inakubali alichokiona. Akiwa na pingi mbovu naye, pengo linazidi. Kwa sisi wa Afrika Mashariki chaguo huwa seva ya Mashariki ya Kati au ya Ulaya. Linganisha namba zote mbili kwa mtandao wako wa saa unayochezea, usifuate alichoandika mtu wa mtandao mwingine. Na zoea kuingia hatua mbili ndani ya kinga. Usisimame kwenye ncha.

Gemu inayofanya vizuri ni Tekken 8 ya 2024, ya mapigano ya watu wawili. Ukitazama marudio ya mechi yako, yenyewe inakusimamisha na kukuambia hapa adui alijiacha wazi, ungeweza kumwadhibu kwa pigo hili, kisha unaweza kuushika mchezo palepale ukajaribu. Mwalimu anakuja baada ya kosa, wakati bado linauma. Street Fighter 6 nayo ina mwongozo wa kila mhusika peke yake, na kipimo cha fremu kinachokuchorea kwa nini pigo lako lilichelewa.

Sensi_Doctor

Tuwe wa haki: gemu ya mapigano ina watu wawili na jukwaa dogo. Mechi ya watu 100 kwenye ramani ya kilomita 8 kwa 8, marudio ya namna hiyo ni kazi nzito. Ila kumtazama aliyekuua kunawezekana, na wengi wanatoka haraka kwenda mechi nyingine. Kaa dakika mbili tu. Angalia anasimama upande gani wa mti.

KipangaWaPwani

Nimewaelewa, asanteni. Hilo la upande wa mti ni kitu gani? Na kwenye jairo, simu nyingine mtu akiwasha hakuna kinachotokea.

Sensi_Doctor

Ukicheza kwa kuona mgongo wako, kamera inakaa juu ya bega la kulia. Ukisimama ukaegemeza kinga kushoto kwako, kamera inachungulia kulia bila mwili kutoka, unamwona adui naye hakuoni. Upande wa pili inabidi utoe mwili kwanza. Basi chagua ukingo wa kulia wa ukuta au mti kila inapowezekana. Kisha fungua mipangilio uwashe Peek & Fire, uweze kuinama pembeni; ukiinama kushoto kamera inahamia bega la kushoto na tatizo linapungua. Ni mojawapo ya kanuni kubwa kabisa za gemu hii, na imefichwa kwenye swichi.

Jairo inahitaji kihisi halisi cha jairoskopu. Simu nyingi za bei nafuu zina kile cha kugeuza skrini tu, ambacho hakitoshi. Pakua programu yoyote ya kuorodhesha vihisi uangalie kama jairoskopu imo. Haimo, acha, tumia kidole. Imo, iwashe kwa skopu tu kwa wiki ya kwanza, kwa sababu ukiiwasha muda wote tangu mwanzo kila mtikisiko wa mkono unazungusha jicho. Anza na namba ndogo, fanya zoezi lile la ukuta, ila safari hii kidole kitulie na simu ndiyo iiname mbele.

dada_wa_Livik

Ongeza na kutanguliza risasi, hili nalo linaua wageni wa skopu ndefu. Risasi ya AKM inaondoka kwa mita 715 kwa sekunde, ya M416 kwa 880. Adui akiwa mita 300 akikimbia kukatiza mbele yako, ya AKM inamfikia baada ya sekunde 0.42 hivi, ameshasogea mita 2.5. Ukilenga kichwa unapiga hewa. Lenga mbele yake kiasi hicho. Kwa M416 ni kama mita 2. Uwanja wa mazoezi una shabaha zinazosogea, jaribu kwanza zile za mbali, maana za karibu hazikufundishi hili.

Kambi_Tatu

Na shabaha za uwanja wa mazoezi hazirudishi risasi. Anayefundisha mgeni amwalike chumba cha wawili, wapeane mti mmoja mmoja, wapigane raundi kumi kwa bunduki ileile na vesti ileile. Hapo kuchungulia, kinywaji na sensi vyote vinapimwa kwa mtu anayejikinga, jambo ambalo roboti hatamfanyia.